Chai ya Asubuhi Iliyowanyima FBI Usingizi

Mdau, kama wewe ni shabiki wa Tupac hii inakuhusu moja kwa moja. Kama sio shabiki soma tu hivyo hivyo, maana safari yetu ya leo inaanzia California lakini inatua Arusha, na sitanii.

Wengi tunajua kwamba mama yake Tupac, Afeni Shakur, alikuwa Black Panther. Tunajua alikamatwa New York mwezi Aprili 1969 na wenzake, lile kundi lililoitwa Panther 21, wakidaiwa kupanga kulipua majengo. Tunajua alijitetea mwenyewe mahakamani huku ana mimba, akaachiwa huru na wenzake Mei 1971, na tarehe 16 Juni mwaka huohuo akajifungua yule dogo ambaye leo picha yake iko nyuma ya bajaji kibao mjini. Hiyo stori imeshasimuliwa sana.

Ambayo haisimuliwi ni ya mayai.

Yaani ukimtajia mtu Black Panther, kichwani kwake inakuja jaketi nyeusi ya ngozi, bereti na bunduki. Hizo picha zimeuza fulana mpaka basi. Lakini mkuu wa FBI wa wakati ule, J. Edgar Hoover, mzee aliyekikalia kile kiti tangu 1924, alipowaandikia vijana wake mwezi Mei 1969 kuhusu hatari ya hiki chama, kitu alichokisisitiza hakikuwa bunduki. Kilikuwa chai ya asubuhi ya watoto wa shule. Aliona ndiyo shughuli yenye ushawishi kuliko zote walizokuwa nazo, na kwa hiyo ndiyo inayoweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote katika kazi ya kukimaliza chama.

Ofisi ya FBI ya San Francisco ilikuwa imejaribu kumwambia mzee kwamba, bosi, hiki cha kulisha watoto tungekiacha tu, ni huduma kwa jamii. Akawajibu kwamba ni wazi hawajaelewa somo. Fikiria kuwa ofisa wa usalama, unapokea barua ya mkuu wako inayokugombeza kwa sababu hujapambana na mkate wa watoto.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone ilifikaje huko.

Chama cha Black Panther kilianzishwa Oakland, California, mwezi Oktoba 1966, na vijana wawili waliokutana chuoni, Huey Newton na Bobby Seale. Oakland ni mji wa bandari, unatazamana na San Francisco ng'ambo ya maji. Wakati wa vita kuu ya pili watu weusi wengi walihamia pale kutoka kusini mwa Marekani kufuata kazi za kujenga meli. Vita ikaisha, kazi zikaisha, watu wakabaki. Polisi wa pale walikuwa na sifa mbaya mitaani, na Panthers walianza kwa kuwafuata wakiwa na silaha, ambazo sheria ya wakati ule iliruhusu kubeba hadharani. Tarehe 2 Mei 1967 waliingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California kule Sacramento, na siku ile dunia nzima ikawajua.

Lakini bunduki haina mpango na mtoto aliyeamka na njaa. Na watoto walikuwa na njaa kweli, kwenye nchi tajiri kuliko zote. Marekani ilikuwa na sheria ya chakula cha mchana shuleni tangu 1946. Tatizo ni kwamba shule nyingi za mijini, hasa majengo ya zamani kwenye mitaa ya watu wa chini, hazikuwa na jiko. Mwaka 1968 vikundi vitano vya wanawake, wakiwemo akina mama wa makanisa, walitoa ripoti baada ya kuzunguka nchi nzima wakiuliza swali dogo: nani anakula? Wakakuta watoto wa familia maskini ni kama milioni 6, na wanaopata chakula cha bure au cha bei ya chini hawafiki milioni 2. Na hao wanaopata, kuna sehemu walikuwa wanapewa tiketi za rangi tofauti na wenzao, darasa zima linajua nani baba yake hana kitu. Mtoto mwenye akili zake hapo anaona bora njaa.

Chai ya asubuhi ya serikali ilikuwepo kwa majaribio tu tangu 1966, na ilifikia shule chache mno.

Hapo ndipo Januari 1969 inapoingia, kwenye kanisa la St. Augustine, kanisa la Kianglikana lililopo Oakland magharibi. Padri wa pale alikuwa Earl Neil, mtu mweusi, na alikuwa karibu na Panthers. Muumini wake mmoja alikuwa Ruth Beckford, mwalimu wa dansi aliyejulikana sana mjini kwa kufundisha dansi za Haiti. Mnaona hiyo timu? Padri, mwalimu wa dansi, na vijana wa mtaani ambao polisi wanawatafuta. Beckford akakaa na wazazi wa mtaa kupanga zamu za kupika, na wakatafutwa wataalamu wa lishe waseme mtoto anahitaji nini asubuhi.

Padri Neil alisimulia kwamba siku ya kwanza walikuja watoto 11. Wiki ilipoisha walikuwa 135.

Menyu yenyewe: mayai, nyama ya nguruwe ya kukaanga au soseji, mkate wa kuchoma, maziwa au juisi au kakao ya moto, matunda yakipatikana. Na kitu kinaitwa grits. Usitishike na jina, grits ni unga wa mahindi uliosagwa kwa chengachenga ukapikwa mpaka ukawa mzito, yaani upo katikati ya uji na ugali laini. Ndicho chakula walichotoka nacho bibi zao kusini. Kwa hiyo wale madogo wa Oakland mwaka 1969 walikuwa wanakunywa kitu ambacho bibi yako wewe angekijua kwa kukionja tu, angeuliza tu sukari iko wapi.

Baada ya muda mkuu wa shule ya jirani alikuja kanisani kuwaambia kwamba watoto wamebadilika. Hawasinzii tena darasani, hawalii tumbo linauma. Hakuna siri hapo. Mtu ameshiba.

Ngoja niseme kitu kimoja mapema kabla mjuaji mmoja hajaniwahi. Panthers sio waliogundua kulisha wanafunzi. Uingereza walipitisha sheria ya kuruhusu halmashauri kulisha watoto mwaka 1906, baada ya kushtuka kwamba vijana waliojitokeza kwenda vita vya Makaburu kule Afrika Kusini walikuwa dhaifu mno, wengi wakakataliwa. Mji wa Bradford ukafanya jaribio mwaka 1907: wakachukua watoto 40, wakawalisha, wakawa wanawapima uzito. Wakila shuleni uzito unapanda. Ikija likizo ya shule, uzito unashuka. Mizani ikamaliza ubishi. Kule India nako jiji la Madras, ambalo leo linaitwa Chennai, lilianza kulisha wanafunzi mwaka 1920 kwenye shule yake moja eneo la Thousand Lights, wakati huo huo Mwingereza bado anatawala. Kwa hiyo wazo la jiji kulisha watoto lilikuwa la zamani.

Kipya cha Oakland kilikuwa namna. Hakuna fomu. Hakuna mtu anakuuliza baba anafanya kazi gani, mama ameolewa au hajaolewa, mnalipa kodi ya nyumba shilingi ngapi. Mtoto anakuja, anakaa, anakula, anaenda shule. Hata mtoto mweupe au wa Kimeksiko akija anakula. Hakuna tiketi ya rangi. Naona hiki ndicho watu wengi wanaruka wakisimulia, halafu ndicho kilichofanya watoto waje.

Mzigo wenyewe ulikuwa hivi. Jiko lilikuwa la kanisa kwa sababu kanisa tayari lina ukumbi, lina meza, lina sufuria kubwa za shughuli, na watu wa afya wa jiji hawana pa kulalamikia. Chakula kiliombwa kwenye maduka na supamaketi za mtaa. Mwenye duka akitoa, sifa. Asipotoa, gazeti la chama linamtaja na mtaa unaambiwa usinunue kwake. Wengine waliita hiyo ni kulazimisha watu kuchanga, na kusema kweli ndani yake kulikuwa na kulazimisha. Panthers wao walisema wewe unauzia mtaa huu mwaka mzima, mayai machache yanakuuma nini? Mimi nipo upande wa mayai, ila naelewa mwenye duka alijisikiaje akiona vijana wenye bereti wanaingia kuomba mchango.

Watu walikuwa wanaamka usiku. Saa kumi na moja alfajiri jiko linawaka, saa moja watoto wanaingia, kabla ya kengele ya shule vyombo vimeoshwa. Siku tano za wiki. Hakuna mshahara.

Kabla mwaka 1969 haujaisha mpango ulikuwa umeenea kwenye miji kibao: San Francisco, Chicago, New York, Kansas City, Seattle, Los Angeles. Chama chenyewe kilisema kimelisha watoto zaidi ya 20,000 mwaka ule. Kila mji na kanisa lake, na sufuria zake, na akina mama zake.

Sasa FBI.

Walikuwa na operesheni ya siri iitwayo COINTELPRO, kazi yake kuvunja vyama na vikundi kutoka ndani. Tunayajua mambo yake kwa sababu mwaka 1971 watu waliingia usiku kwenye ofisi ndogo ya FBI kule Media, Pennsylvania, wakabeba makaratasi yote wakayapeleka kwenye magazeti, na baadaye kamati ya Seneti ikachunguza na kutoa ripoti mwaka 1976. Kwa hiyo hizi sio stori za vijiweni, ziko kwenye kumbukumbu za bunge lao.

San Diego kulikuwa na padri Mkatoliki, Frank Curran, aliyewaruhusu Panthers kutumia kanisa lake kulisha watoto. FBI wakampigia simu askofu wakijifanya ni waumini waliokasirika. Simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haikuchukua muda Padri Curran akahamishwa, akapelekwa New Mexico huko. FBI wakaandika kwenye faili kazi imekamilika. Ina maana mtu mzima, analipwa na serikali, alikaa ofisini akabadilisha sauti ili padri ahamishwe watoto wakose mayai. Mimi nikifika hapo huwa naishiwa maneno.

Kukawa na kitabu cha watoto cha kupaka rangi, kina michoro ya watoto weusi wanaua polisi wanaochorwa kama nguruwe. Viongozi wa Panthers walikuwa wamekikataa kisitumike. FBI wakakisambaza wao, na kuyapelekea makampuni yaliyokuwa yanachangia chakula, ili waseme oneni mnacholisha. Chicago, mwanamke mmoja aliyekuwa mwanachama alisimulia kwamba usiku wa kuamkia siku ya kufungua, polisi waliingia kanisani wakakanyaga chakula na kukikojolea. San Francisco inasimuliwa kwamba wazazi waliambiwa chakula kina magonjwa ya zinaa.

Chicago ndiyo ya Fred Hampton. Kama umeiona Judas and the Black Messiah unamjua. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda, ndiye aliyemuigiza na akabeba Oscar mwaka 2021. Hampton alikuwa na miaka 20 tu alipokuwa anaongoza Panthers wa pale, na ulishaji ulikuwa moyo wa kazi yake. Kesi iliyompeleka jela 1969 ilikuwa ya kudaiwa kupora gari la aiskrimu, aiskrimu za dola 71, na kuzigawa kwa watoto wa mtaa. Yeye alikana. Tarehe 4 Desemba 1969, kabla hakujapambazuka, polisi walivamia nyumba aliyolala wakafyatua risasi zaidi ya 90. Kutoka upande wa Panthers ilithibitika imetoka risasi moja. Hampton alikufa ana miaka 21. Ramani ya chumba chake ilitolewa na mlinzi wake mwenyewe, William O'Neal, aliyekuwa analipwa na FBI. Shika hilo jina la O'Neal, kuna mwingine anakuja na hawana undugu wowote.

Lakini nilitaka nizungumzie watu wengine.

Kwenye hii stori nimetaja majina mengi ya wanaume. Newton, Seale, Neil, Hampton, Curran, Hoover. Mwanamke nimemtaja Beckford na Afeni, basi. Na hivyo ndivyo vitabu vilivyo. Lakini Bobby Seale mwenyewe alisema chama kilipofanya hesabu mwaka 1969 kilikuta kama theluthi mbili ya wanachama ni wanawake. Theluthi mbili! Wako wapi kwenye fulana?

Angalia picha za zile asubuhi, ziko mtandaoni. Utaona kijana ana bereti anamimina maziwa, na ni kweli, sheria ya chama ilikuwa hata mwanaume anapika, anahudumia, anaosha sahani. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mwaka ule, na hata leo kuna nyumba ni jambo kubwa. Mpiga picha alimpenda huyo kijana kwa sababu ni picha ya kushangaza, jitu la miraba minne linamfuta mtoto mdomo. Ukiangalia nyuma ya kijana, karibu na mlango wa jikoni, utaona mama amegeuza mgongo. Maelezo ya picha yanamtaja kijana. Mama hajatajwa.

Huyo mama huenda hakuwa hata mwanachama. Wengi walikuwa wazazi tu na waumini tu, mtu ana watoto wake watatu wanakula pale, akasema basi na mimi nitakuja Jumanne na Alhamisi. Akitoka pale anaenda kazini kusafisha nyumba za watu. Hakuwahi kushika bunduki, hakuwahi kuhutubia, hana kesi. FBI ambao walikuwa na faili la kila mtu sidhani kama walijua anakaa wapi. Ukiuliza kwa nini ule mpango ulienda haraka vile kutoka watoto 11 hadi 135 ndani ya wiki, jibu lipo kwa huyo mama: alimwambia jirani yake, jirani akamwambia mwenzake kwenye foleni ya kufua nguo. Mtoto haendi kula kwa watu wenye bunduki kama mama yake hajaridhika kwamba jikoni yupo mtu anayemjua.

Na wanawake waliokuwa ndani ya chama hawakukaa kimya, walilalamika sana kwamba mapinduzi yanahubiriwa na wanaume na yanapikwa na wanawake. Wengine baadaye walishika uongozi. Ericka Huggins aliendesha shule ya chama pale Oakland iliyofunguliwa 1973, watoto wakala pale asubuhi, mchana na jioni bila malipo. Ila hiyo ni makala yake.

Hawakuishia kwa watoto pia. Machi 1972 chama kilifanya mkutano mkubwa Oakland, watu wakapimwa selimundu na kugawiwa mifuko 10,000 ya chakula, kila mfuko na kuku wake. Kuku mzima, mdau. Mwaka uliofuata Seale akagombea umeya wa Oakland akashika nafasi ya pili, wakaingia raundi ya pili na meya aliyekuwepo, akashindwa. Walisema ule mfuko ulikuwa kampeni. Ndiyo, ulikuwa kampeni. Wanasiasa wa kwetu wanagawa kofia na fulana, tofauti ni kwamba kuku analiwa.

Wapinzani wao walikuwa na hoja nyingine ambayo sio ya kuipuuza: watoto walikuwa wanafundishwa nyimbo za chama na historia ya watu weusi wakati wanakula. Ni kweli, walifundishwa. Mimi hainisumbui sana, maana hata sisi shuleni tuliimba nyimbo ambazo hatukuzichagua, na wala hatukupewa yai.

Mwaka 1975 serikali ya Marekani ikaufanya mpango wa chai ya asubuhi shuleni kuwa wa kudumu, nchi nzima. Wanahistoria wanabishana Panthers wana mchango kiasi gani hapo. Wapo wanaosema majaribio yalikuwepo tangu 1966 na yangefika tu. Wengine wanasema serikali iliona aibu, vijana wasio na bajeti wanalisha watoto ambao wizara nzima imeshindwa kuwalisha. Mimi naona ukikuta serikali inafukuza mapadri ili watoto wasile, halafu miaka michache baadaye inalisha yenyewe, una haki ya kuunganisha. Chama chenyewe kilikufa mwaka 1982, kimechoka, kimejaa ugomvi wa ndani na mambo ya Huey Newton ambayo sio ya kujivunia hata kidogo. Chai ikabaki. Leo watoto wa Marekani wanaokula asubuhi shuleni kwa mpango wa serikali ni zaidi ya milioni 14 kila siku ya masomo. Jiji la New York tangu Septemba 2017 linawapa wanafunzi wote wa shule za umma chakula cha mchana bure, mwenye nacho na asiye nacho, ili tu pasiwe na wa kunyooshewa kidole. Na California, ile ile ambayo Panthers waliingia bungeni kwake na bunduki, mwaka wa masomo 2022 na 2023 ikawa jimbo la kwanza kumpa kila mtoto wa shule ya umma chai na chakula cha mchana bila fomu.

Bila fomu. Walichelewa miaka 53 tu.

Majirani zetu Nairobi walianza yao Juni 2023, Dishi na County, jikoni kubwa za kaunti zinapika, dogo anagusisha bangili kwenye mashine anapewa sahani. Sio bure kabisa, mzazi anatoa shilingi 5 za Kenya. Hapa kwetu shule nyingi bado ni mzazi kuchangia mahindi na maharage, na asiyechangia kuna mahali mwanae anaangalia wenzake wakila. Hiyo ndiyo tiketi ya rangi, hata kama haijachapishwa.

Arusha sasa, niliahidi.

Kansas City, chama kilianzishwa mapema 1969 na jamaa anaitwa Pete O'Neal. Alikuwa mtoto wa mtaani haswa, jela ameshaionja, kisha akawa mwenyekiti wa Panthers wa mji ule, na chai ya asubuhi ya watoto ikawa moja ya kazi zao kubwa. Mwezi Oktoba 1969 akakamatwa kwa kosa la kuvusha bunduki kutoka jimbo moja kwenda jingine, na kumbuka Kansas City ni mji uliokatwa na mpaka wa majimbo mawili, unavuka barabara uko jimbo lingine. Akahukumiwa miaka minne. Akiwa nje kwa dhamana ya rufaa, mwaka 1970 akatoroka na mke wake kijana, Charlotte. Wakapita Sweden, wakaenda Algeria ambako Panthers walikuwa na ofisi, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania ya Mwalimu Nyerere.

Wakaenda kuishi Imbaseni, upande wa Meru, nje ya mji wa Arusha. Ardhi haina umeme, haina maji. Wakajenga kwa mikono. Mwaka 1991 wakafungua kituo, United African Alliance Community Center, kinafundisha vijana wa kijijini Kiingereza, kompyuta, sanaa, bure. Baadaye wakaongeza makao ya watoto, wanalala pale, wanasoma, wanakula pale. Mtu aliyekuwa analisha watoto Kansas City akaishia kulisha watoto Meru, na jirani zake wengi wanamjua kama mzee wa Imbaseni, basi.

Mkewe ndiye Mama C, kama unafuatilia muziki wa asili utakuwa umewahi kumsikia, mshairi, anapiga nyatiti. Na jirani yao pale Imbaseni miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa Geronimo Pratt, Panther wa Los Angeles, mwanajeshi mstaafu wa vita vya Vietnam, aliyekaa jela miaka 27 kwa mauaji mpaka mahakama ikaifuta hukumu yake mwaka 1997. Alifia hapohapo Imbaseni mwezi Juni 2011. Ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Tupac.

Hukumu ya Pete O'Neal haijafutwa. Watu wamemuombea msamaha kwa miaka mingi, akiwemo ndugu yake wa mbali Emanuel Cleaver, ambaye aliwahi kuwa meya wa Kansas City hiyohiyo na baadaye mbunge, na haikuwezekana. Mama C hana kesi, kwa hiyo yeye kwa miaka mingi amekuwa akipanda ndege kwenda Marekani na nyatiti yake, anapiga kwenye vyuo na kumbi, anapita Kansas City kusalimia ndugu, anarudi. Mzee anabaki Imbaseni na watoto.